Ndugu wa Kiebrania

Mwalimu Amedeus alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mkewe, Romana, aliuzoea kama wanawake wengine wanavyozoea mume anayekoroma. Hakuweza kulipita neno bila kuligeuza atazame chini yake kuna nini. Ukimwendea kuomba akusaidie kupakia gunia la mbaazi kwenye bajaji, kwanza atakuuliza kama unajua kwamba Waebrania waliliita gunia "sak", Wagiriki "sakos", Walatini "sakus", na kwamba Mjerumani mpaka leo anasema "zak". Wewe huku umeshika pembe mbili za gunia, mgongo unakuuma.

Alizaliwa Rombo. Ujanani alipelekwa seminari, na huko alifundishwa Kilatini, pamoja na Kijerumani na Kiebrania kidogo kutoka kwa padri mmoja mzee aliyependa kufundisha kuliko kuhubiri. Aliacha masomo ya upadri kabla ya kupewa daraja takatifu, kwa sababu ambayo baadaye ilikuja kuitwa Romana. Serikali ikamleta Babati kufundisha Kiingereza na Kiswahili, akajenga nyumba mtaa wa Singe, akazaa, akastaafu. Romana alifungua duka la vitenge karibu na stendi, na duka likawaweka vizuri. Mwalimu akabaki na muda, kamusi zake, na imani moja kubwa: kwamba lugha za Ulaya, zote, zilizaliwa na Kiebrania, ila Wazungu wamesahau mama yao.

Imani hiyo aliipeleka redioni. Redio ya mji ilimpa nusu saa kila Jumamosi asubuhi, kipindi chake kikaitwa "Mizizi". Watu walikipenda. Vijana wa bodaboda walimwita Mzee Mizizi, na akipita sokoni wauza nyanya walimsimamisha wamuulize majina ya watoto wao yametoka wapi. Alifurahi. Mtu aliyefundisha miaka mingi watoto wasiotaka kusikiliza, akapata mji mzima unaosikiliza kwa hiari, atakosaje kufurahi?

Jumamosi moja aliongelea pembe.

"Sikilizeni ndugu zangu," alisema, akiisogelea maikrofoni kama mtu anayetaka kuinong'oneza. "Kiebrania, pembe ni keren. Kilatini, kornu. Kiingereza, horn. Mwarabu naye anasema karn. Hii ni bahati nasibu? Ng'ombe mmoja ana pembe mbili, lakini pembe hii moja ina watoto duniani kote! Na ardhi je? Kiebrania, erets. Mjerumani, erde. Mwingereza, earth. Mnataka ushahidi gani tena?"

Mtangazaji, kijana mpole anayeitwa Xavery, akafungua simu. Wa kwanza alitaka kumsalimia mjomba wake wa Sigino. Wa pili alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito kidogo, asiye na haraka.

"Shikamoo Mwalimu. Naitwa Edda, napiga kutoka Bonga. Kipindi chako nakisikiliza kila wiki."

"Marahaba, mama. Karibu sana."

"Nina swali dogo. Sisi shule tumeipata kwa Mjerumani, meza kwa Mreno, gari kwa Mhindi. Je, Kiswahili ni mtoto wa Kijerumani?"

Mwalimu akacheka. "Hapana, mama. Hayo ni maneno ya kuazima."

"Ndiyo. Sasa lile gunia la wiki iliyopita, sak na sakus, si linaweza kuwa hivyo hivyo? Mfanyabiashara amebeba gunia, amelivusha bahari, na jina limekwenda humo humo ndani ya gunia. Kufanana si lazima kuwe undugu, Mwalimu. Na hiyo erets na erde, ukiyarudisha nyuma jinsi yalivyotamkwa zamani, yanaanza kuachana badala ya kukaribiana. Mimi naona—"

"Mama," Mwalimu akamkatiza, na masikio yake yakaanza kupata moto, "wewe Kiebrania umekisomea wapi?"

"Chuo cha theolojia, na sasa hivi kazi yangu ni—"

"Mimi nilianza kukisoma kabla wewe hujajua kuandika jina lako. Asante kwa kupiga. Tuendelee na msikilizaji mwingine." Akamfanyia Xavery ishara ya mkono shingoni, na Xavery, ambaye hakuwa amezoea ugomvi, akakata simu na kufungulia kwaya.

Pale dukani Romana alikuwa akimpimia mteja kitenge, redio ikiwa juu ya rafu. Alisikia kila kitu, na wateja wake walisikia pia. Mumewe alipofika mchana, hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Yule mama alikuuliza kistaarabu kabisa."

"Alinipinga hewani, Romana."

"Kwani ulipokuwa darasani hukuwa ukipingwa?"

"Darasani walikuwa watoto."

"Kumbe watoto uliwavumilia, mtu mzima ukamkatia simu." Romana akakunja kitenge, akakirudisha mahali pake. "Umeniaibisha mbele ya wateja wangu. Kula, chakula kiko kwenye hotipoti."

Mwalimu alikula. Halafu akaenda nyumbani, akashusha kamusi zake kubwa ili apate la kumjibu huyo Edda wa Bonga wiki itakayofuata. Alianza na gunia, akiwa na uhakika kwamba hapo atamshinda. Kamusi ya kwanza ilisema Walatini waliazima neno kwa Wagiriki, na Wagiriki kwa watu wa Mashariki, huenda wafanyabiashara wa Foinike. Ya pili ilisema hivyo hivyo. Alikuwa amezisoma kurasa zile mara nyingi, ila siku zote jicho lake liliruka mstari ule, kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai kwa njia ya nyuma. Akazifunga. Wiki iliyofuata alizungumzia majina ya miezi, na gunia hakuligusa.

Haukupita muda mrefu mwanawe Eustace, mpima ardhi, alikuja nyumbani siku ya Jumapili akiwa amenyoa vizuri kupita kawaida. Romana akajua kabla hajafungua mdomo.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

Eustace akacheka kwa aibu. "Philomena. Anafundisha shule ya msingi Sigino. Wazazi wake wako Bonga, ni Wagorowa. Baba yake, Mzee Elibariki, amesema mnaweza kuja."

Romana alipiga vigelegele, jirani akachungulia juu ya ua. Mwalimu naye alifurahi, tena sana. Eustace alikuwa ametimiza umri ambao ndugu wa Rombo walishaanza kuuliza maswali. Lakini neno Bonga lilimkumbusha ile simu. Akajiambia Bonga ni kubwa, ina watu wengi, na majina ya akina Edda yako kila mahali.

Siku ya posa walipanda gari la jirani yao Marcelino, ambaye ndiye waliyemchagua awe mshenga kwa sababu alikuwa na maneno matamu na hakuwa mwoga wa kutaniwa. Barabara ya Dodoma ilikuwa tupu. Mvua ilikuwa imenyesha, mlima Kwaraa ulikuwa na kofia ya mawingu, na mashambani mahindi yalikuwa yamefika magotini. Romana alibeba vitenge viwili kwa ajili ya mama na bibi wa binti. Mwalimu alivaa koti lake la kwendea benki, na Eustace alikaa kiti cha nyuma.

Mzee Elibariki aliwapokea mlangoni, mtu mrefu, mwenye mikono ya mkulima na tabasamu la taratibu. Sebuleni walikuta viti vimepangwa pande mbili. Kwenye kiti chenye mto, alikaa mama yake Elibariki, Bibi Evangelina, mzee sana, mdogo wa umbo, macho makali. Kando yake aliketi mwanamke wa miaka hamsini hivi, amevaa miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni.

"Huyu ni dada yangu," Elibariki alisema. "Shangazi yake Philomena. Yeye ndiye msomi wetu. Anatafsiri Agano la Kale kwa Kigorowa, pamoja na kikundi cha makanisa."

"Shikamoo Mwalimu," mwanamke yule alisema, kwa sauti nzito kidogo, isiyo na haraka. "Naitwa Edda."

Mwalimu Amedeus aliitikia marahaba, lakini iliyotoka ilikuwa nusu yake. Romana aligeuka akamtazama mumewe, akamtazama Edda, akaelewa, akaangalia dari. Edda alitabasamu tu kwa adabu, akakaa, akavaa miwani yake.

Mshenga Marcelino alianza kazi. Alisema wao ni wasafiri waliopita njiani wakaona ua zuri uani kwa watu, wakasema haiwezekani wapite bila kuuliza mwenye bustani. Upande wa pili ukajibu kwamba bustani yao ina maua mengi, na wasafiri wenyewe wamechelewa. Wakacheka. Kila baada ya hoja, Elibariki, Edda na Bibi waliinamiana, wakashauriana kwa Kigorowa, haraka na kwa sauti ya chini. Mwalimu alikuwa ameishi Babati nusu ya maisha yake na zaidi. Katika lugha ile alijua salamu moja tu, na hiyo aliijua kwa sababu wanafunzi walimtania nayo. Alikaa akiyasikia maneno yakipita kama mtu anayesikia mvua juu ya bati.

Halafu Bibi Evangelina aliinua kichwa, akaita kuelekea jikoni, walikokuwa Philomena na mama yake. Alisema sentensi fupi, na ndani ya sentensi ile lilikuwamo neno moja lililomfanya Mwalimu anyooke mgongo kama aliyechomwa sindano.

"Amesema nini?" aliuliza kwa sauti.

Marcelino alikuwa katikati ya kusifia tabia za Eustace. Romana akamfinya mumewe ubavuni, wala hakusikia.

"Kuna tatizo, Mwalimu?" Elibariki aliuliza, uso ukianza kukunjamana. Katika posa, baba wa kijana haruki tu hivi hivi.

"Hapana, hapana, mzee wangu. Ni Bibi. Amesema neno. Amesema... mayim?"

Bibi alimtazama kwa mashaka, akamwambia Edda jambo. Edda akacheka kwa mara ya kwanza. "Bibi anasema, mgeni ana kiu kiasi hicho? Alikuwa anaagiza mletewe maji ya kunywa. Sisi maji tunaita *ma'ay*."

Philomena akaingia na jagi na glasi kwenye sinia. Bibi akaamuru kwa kidole: huyu kwanza. Mwalimu akamiminiwa glasi, akainywa yote kwa heshima. Bibi akaamuru tena. Akanywa ya pili. Alipofika ya tatu Eustace alikuwa ameziba uso kwa viganja, mabega yanatikisika.

"Ma'ay," Mwalimu alirudia akifuta midomo. "Na Kiebrania ni mayim." Alimgeukia Edda, akisahau posa, akisahau aibu. "Dada Edda, hili nalo ni la kuazima?"

"Hapana, Mwalimu." Edda alivua miwani. "Jina la maji halibebwi na wafanyabiashara. Kila mtu alikuwa nayo tangu mwanzo. Kigorowa na Kiiraqw ni lugha za Kikushi. Kiebrania na Kiarabu ni za Kisemiti. Wataalamu wanasema hizo mbili ni matawi ya shina moja la kale sana. Wale wa Ulaya uliokuwa ukiwatafutia mama, wengi wana shina lao wenyewe. Ila huyu" — akamwonyesha mama yake kwa kidevu — "huyu ni jamaa wa Kiebrania. Wa mbali, wa mbali sana, lakini wa damu."

Mwalimu alimtazama Bibi Evangelina. Miaka yote alipeleka macho ng'ambo ya bahari, Roma na Berlini, akitafuta ndugu wa Kiebrania. Wenyewe walikuwa wakimuuzia maharage.

Akasimama. Romana alimvuta koti, akadhani sasa ameharibikiwa kabisa. Lakini Mwalimu alisema taratibu, kwa sauti yake ya darasani ya siku nzuri:

"Wazee wangu, nisameheni nimekatisha shughuli. Lakini kabla mshenga hajaendelea kunisifia ukoo wangu, kuna jambo lazima niliseme. Huyu dada alinipigia redioni, akaniuliza swali la haki. Sikuwa na jibu, nikamkatia simu mbele ya mji mzima. Dada Edda, ulikuwa sahihi kuhusu lile gunia, na mimi nilikukosea adabu. Naomba unisamehe."

Kisha Elibariki akapiga goti lake kwa kiganja.

"Kumbe ni wewe! Kumbe ndiwe Mzee Mizizi!"

Bibi Evangelina akasema kwa Kiswahili, kwa lafudhi nzito, kila neno likitoka kivyake: "Ni huyu? Aliyemfokea mwanangu?"

"Ndiye, mama," Edda alisema. "Lakini ameshaomba radhi."

"Radhi nimesikia. Faini sijasikia."

Marcelino, mshenga mwenye uzoefu, akaruka haraka kusema kwamba faini ni haki ya wenyeji, waitaje tu. Bibi akafikiri, akitafuna midomo yake. Akasema kwa Kigorowa, na Edda akatafsiri akijizuia kucheka.

"Bibi anasema hataki mbuzi. Anataka Mwalimu atamke neno moja tu la Kigorowa, sawasawa. Akishindwa, posa inasimama mpaka aweze. Neno lenyewe ni *hhiya*. Maana yake kaka, ndugu wa kiume. Lakini hiyo h inatoka chini, kooni kabisa."

"Hiya," akasema Mwalimu.

Bibi akatikisa kichwa.

"Kiya."

Watoto waliokuwa wakichungulia dirishani wakaangua kicheko.

"Ghiya. Khhh... iya."

"Anakabwa na mfupa," Bibi akasema, na sasa hata Elibariki hakuwa na mbavu. Romana alicheka mpaka akatoa leso.

Edda akamsaidia. "Mwalimu, unaijua sauti hii. Ni ile herufi ya Kiebrania, heth. Seminari walikufundisha uitamkeje?"

"Padri wetu alikuwa Mswisi," Mwalimu alisema akihema. "Yeye aliikwaruza tu kama anayetema kohozi. Alisema ya zamani imepotea, hakuna ajuaye ilivyokuwa."

"Haikupotea popote. Mama, hebu itamke tena."

Bibi Evangelina akatamka. Sauti ilitoka mahali kooni ambapo Mwalimu hakujua kwamba papo, laini, yenye pumzi, bila kukwaruza. Akaitamka tena, pole pole, akimtazama mdomoni kama mama anayemfundisha mtoto kunywa uji. Mwalimu akafumba macho, akajaribu. Haikuwa sawa. Lakini ilikuwa karibu, na Bibi, ambaye alikuwa ameshaanza kumpenda, akapunga mkono.

"Basi. Huyu ni Mchaga, tumsamehe. Mshenga, endelea."

Kuanzia hapo hakuna aliyebaki na ugumu. Mambo ambayo Marcelino alitegemea yatachukua safari tatu yalikwisha kabla chakula hakijapoa. Walikula wali, kuku, na mbaazi za nazi. Philomena alipoitwa kuulizwa kama anawajua wageni hawa, alisema anawajua, tena yule mzee wa maji anamjua sana, na watu wakacheka upya.

Baada ya kula Mwalimu alimfuata Edda uani, alipokuwa akimwonyesha Romana miche yake ya maparachichi. Alikuwa na jambo limemjaa mdomoni.

"Dada Edda, nimefikiri. Maji, ma'ay, mayim. Yote matatu! Hata sisi Wabantu tumo!"

Edda akamtazama kwa huruma. "Mawili ndiyo ndugu, Mwalimu. Hilo la tatu ni jirani aliyevaa shati linalofanana. Wasukuma wanasema nini?"

"Minzi."

"Wahaya?"

"Amaizi." Mwalimu akaanza kuona anakopelekwa.

"Fuata njia hiyo urudi nyuma. Utafika kwa Wabantu wa kale, hutafika kwa Waebrania. Na hiyo ma ya maji ni ya ngeli tu, kama ma ya mafuta na maziwa."

Mwalimu akapiga paji lake la uso. Kitu nilichofundisha mwenyewe, akawaza, ngeli za nomino, mwaka baada ya mwaka! Lakini hakuona uchungu. Alijisikia kama mtu aliyefunguliwa dirisha katika chumba alichodhani anakijua.

"Na hhiya?" aliuliza, hakuweza kujizuia. "Kiebrania, ndugu ni ah, kwa heth hiyo hiyo..."

"Mwalimu!" Romana akasema.

"Hilo sijui," Edda alijibu, akitabasamu. "Labda undugu, labda bahati tu. Hata ile pembe yako, keren na kornu, na hata namba saba, sheva ya Kiebrania na septem ya Kilatini, wataalamu wanagombania mpaka leo. Si kila ulichosema kilikuwa upuuzi. Ulikosa tu kusubiri."

Romana akasema hilo ndilo amekuwa akimwambia tangu siku ya kwanza ya ndoa.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu hakwenda redioni peke yake. Aliwaambia wasikilizaji wake, bila kuzunguka, kwamba amekosea kuhusu gunia, amekosea kuhusu mama wa lugha za Ulaya, na amekosea kumkatia mtu simu. Kisha akamkaribisha Edda kwenye maikrofoni. Walizungumza vizuri, wakipokezana. Xavery, aliyekuja na kwaya tatu tayari endapo mambo yatachacha, hakuhitaji hata moja. Edda alieleza jinsi Kigorowa kinavyogawa nomino za kiume na za kike kama Kiebrania, jambo ambalo Kiswahili hakina, na kwamba anapotafsiri Zaburi kuna mahali Kiebrania kinakaa vizuri zaidi ndani ya Kigorowa kuliko kinavyokaa ndani ya Kiswahili. Simu ziliingia mfululizo. Mzee mmoja wa Singe alisema kwamba alipokuwa shuleni alichapwa viboko kwa kusema Kigorowa. Hakuwa na swali. Alitaka tu kuwaambia kwamba leo amekaa kwenye kiti chake na amefurahi.

Mwalimu, ambaye katika miaka yake ya kazi alikuwa amewahi kushika kiboko kwa sababu hiyo hiyo, aliisogelea maikrofoni. Kisha akasema, "Asante, mzee wangu. Kaa hapo hapo na usiondoke, tunaendelea," na wakaendelea.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno, na ilikuwa harusi njema, ya watu waliokwisha kuzoeana. Kwa wakati huo Mwalimu alikuwa amejipa kazi mpya. Siku ambazo kikundi cha tafsiri kilikutana Bonga, alikwenda kuwasomea Kilatini na Kijerumani pale ambapo Kiebrania kilikuwa kigumu kueleweka, wakalinganisha wengine walivyofasiri. Hakulipwa wala hakuomba. Kikao kikiisha, alivuka hadi kwa Bibi Evangelina, akaketi kwenye kigoda, akafundishwa.

Bibi alikuwa mwalimu mkali. Hakufundisha sarufi, alifundisha kwa kutuma. Alitaja kitu, Mwalimu akatakiwa akilete, na asipokijua asiulize kwa Kiswahili.

Msimu wa kupanda ulipofika, familia zote mbili zilikutana shambani kwa Elibariki. Eustace na Philomena walikuwa wametangulia, wanafukia mbegu mstari mmoja, wakibishana kuhusu nafasi kati ya shimo na shimo. Romana na Edda walikaa kivulini mwa gari la Marcelino wakichagua maharage ya mbegu. Bibi Evangelina, kwenye kiti chake kilichobebwa mpaka kando ya shamba, alipaza sauti akitaja kitu, na Mwalimu Amedeus akaondoka mbio kuelekea nyumbani, suruali imekunjwa, uso umejaa uhakika.

Akarudi na jembe.

Bibi akatikisa kichwa, akataja tena, kwa sauti kubwa zaidi. Mwalimu akarudi nyumbani. Safari hii alileta kuku, hai, amemkumbatia kifuani.

Romana akacheka mpaka maharage yakamwagika kwenye khanga. "Edda, alitumwa nini jamani?"

"Kikapu," Edda alisema, akifuta machozi. "Lakini mwache. Kuku tutamla."

Mwalimu alisimama katikati ya udongo mbichi, akihema, kuku akimtazama. "Nisaidieni basi hata herufi ya kwanza," alisema, na hakuna aliyemsaidia.